Mwongozo wa Kununua Takwimu Kariakoo Bila Kupigwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayejua kununua, yaani wewe. Ukishuka Gerezani ukaingia Mtaa wa Kongo kutafuta viatu, hakuna wa kukufundisha kitu. Ukitajiwa elfu arobaini na tano unacheka. Unataja kumi na tano. Unavigeuza, unakunja soli, unanusa gundi, unajifanya unaondoka, unaitwa. Ukimaliza unavuka barabara hadi kijiwe cha kahawa, na hapo mtu usiyemjua hata jina anakwambia asilimia sabini na tatu ya Watanzania hawana akiba yoyote. Unaipokea kama ilivyo. Huigeuzi, hunusi, hupunguzi hata senti, na kabla kikombe hakijaisha umeshamuuzia mwenzako wa upande wa pili. Hatukulaumu. Tumekusanya tu hatua chache za kukusaidia. Tahadhari: ile sabini na tatu nimeitunga sasa hivi, na wewe ulishaanza kuisikitikia.

Hatua ya kwanza: uliza namba ililala wapi. Sensa ya 2022 ilijengwa juu ya swali moja: nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne, Agosti 23? Kwa swali hilo nchi ilipata watu 61,741,120, na Mkoa wa Dar es Salaam 5,383,728. Swali zuri. Sasa lilete Kariakoo. Mwenye duka la vitenge alilala Kimara, akahesabiwa Kimara. Mpagazi wake alilala Gongo la Mboto, akahesabiwa huko. Mama anayewapikia wote wawili alilala Mbagala. Mteja wa Songea aliyekuja kufunga mzigo, akakosa basi la jioni na kuchukua chumba kwenye lodge ya nyuma ya soko, huyo ndiye aliyehesabiwa Kariakoo. Kwa hiyo ile Kariakoo unayokanyagana nayo saa saba mchana haimo kwenye sensa, na haikupaswa kuwemo, kwa sababu haikulala pale. Mtu akitumia hesabu ya waliolala ili kupanga vyoo, mitungi ya kuzimia moto au njia za kutokea, atakuta kila kitu kinatosha, na kingine kinabaki.

Kitanda hichohicho cha sensa kina kituko kingine. Mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541. Piga hesabu hadi 2022, unapata ongezeko la asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati taifa zima lilikwenda kwa 3.2. Kijiweni namba hiyo ilizaa nadharia mbili papo hapo: watu wamekimbia joto, na watu wamekimbia kodi za nyumba. Kumbe walikimbilia Vikindu, Kisarawe na Kibaha, walikopata kiwanja. Katika miaka hiyohiyo kumi Mkoa wa Pwani ulitoka watu takriban milioni 1.1 ukavuka milioni 2. Jiji lilimwagika nje ya mpaka wake wa kiutawala na mpaka ukabaki pale ulipokuwa, na saa kumi na moja alfajiri wote wale wa Pwani wako barabarani wanarudi Kariakoo kufungua maduka. Tahadhari: ukiyaeleza haya kijiweni utaulizwa wewe mwenyewe umelala wapi, na mazungumzo yatahamia huko.

Hatua ya pili: usimwulize mfanyabiashara anauza kiasi gani. Ukishamwuliza, usimwandike. Mimi niliwahi kumwandika. Ilikuwa kazi ya wiki mbili ya taasisi moja nisiyoitaja. Nilipewa fulana yenye nembo, kishikwambi na nauli. Swali la kumi na nne lilisema: mauzo yako katika siku ya kawaida ni shilingi ngapi? Nikaingia kwa mzee mmoja wa vitenge. Akaitazama fulana, akakitazama kishikwambi, akanivutia stuli.

“Kaa, mwanangu. Wewe wa TRA?”

“Hapana, mzee. Utafiti tu.”

“Wa manispaa?”

“Hapana, mzee.”

“Basi andika laki moja. Siku nyingine hata sabini haifiki. Biashara ngumu, mwanangu, tunabangaiza tu.”

Nikaandika laki moja. Simu yake ikaita. Akaniomba radhi kwa kiganja, akapokea. “Tunduma? Enhee. Mzigo wako wa milioni nane umetoka jana usiku, mwambie kondakta wa basi… Robota zote kumi na mbili. Enhee. Hela nimeiona, shukrani.” Akakata. Akanitazama. Nikamtazama. Kijana wake aliyekuwa anakunja vitenge akaacha kukunja.

“Swali linalofuata,” akasema mzee, kwa upole kabisa.

Dodoso halikuwa na mahali pa kuandika nilichokisikia, basi nikasoma swali la kumi na tano. Ile laki moja ikaingia kwenye jedwali, jedwali likaingia kwenye ripoti, na ripoti ikatoka na wastani wa mauzo ya mfanyabiashara wa Kariakoo wenye desimali mbili. Desimali ndizo zilizoniuma. Yule mzee aliniambia laki moja akiwa anajua, nami nikijua, kwamba tunaheshimiana tu. Kule kwenye ripoti heshima yetu ilikuwa imekatwa hadi senti.

Usidhani mashine itakuokoa. Mashine za EFD, zile za kukatia risiti, zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na kaulimbiu yake hata mtoto anaijua: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mitaani kaulimbiu hiyo imezaa swali ambalo halikuandikwa kwenye bango lolote: “Bosi, nikukatie risiti ya ngapi?” Mgeni hujibu kwa mshangao, “Ya nilichonunua.” Huyo huhesabiwa bei upya. Mwenyeji anajua mzigo una bei yake na risiti ina bei yake, na ile VAT ya asilimia 18 imekaa katikati yao kama shahidi ambaye hakuna anayetaka kumwita. Kwa hiyo ukiambiwa mauzo ya mtaa fulani yamepanda kwa mujibu wa risiti, uliza kilichopanda ni kununua au ni kukagua. Wiki ya ukaguzi risiti hunenepa. Mei 2023 wafanyabiashara walipofunga maduka kwa hasira za kodi na ukaguzi, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao Mnazi Mmoja, mashine hazikutoa risiti. Mtu wa grafu aliyekaa mbali angeweza kusema Watanzania wameacha kuvaa. Tahadhari: usidai risiti kamili kwa sauti ya juu. Nyuma yako kuna foleni, na wengine ni jamaa zako.

Hatua ya tatu: angalia kama kilichohesabiwa ni watu au ni karatasi. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Kila mkoa ulianza na 25,000. Ukisoma karatasi tu, basi, Katavi ilikuwa na wamachinga sawasawa na Dar es Salaam, na ukishuka Mtaa wa Kongo ukiwa na imani hiyo utauliza wengine wako wapi huku mmoja wao amekukanyaga. Igeuze na ile milioni 4. Gawa kwa siku 365: haifiki shilingi 11,000 kwa siku, na hayo ni mauzo, bado faida. Muuza soksi aliyesimama mahali pazuri anaivuka hiyo kabla ya chai ya saa nne. Hata hivyo kitambulisho anacho, na ni halali, kwa sababu hakuna aliyemwuliza soksi ngapi. Tahadhari: Oktoba 2021 meza za wamachinga ziliondolewa kando ya barabara, na hesabu ya meza ikaporomoka ndani ya siku chache. Wenye meza walikuwa bado wanakula mara tatu, au walijaribu.

Hatua ya nne ni fupi. Kwa kipimo cha kimataifa, mwenye kazi ni mtu aliyefanya kazi walau saa moja ndani ya siku saba zilizopita. Mtafute kijana wa kona ya Mtaa wa Aggrey aliyesimama na mikanda saba mkononi tangu saa mbili asubuhi, akauza mmoja saa kumi jioni. Ana ajira. Kwenye safu hiyo moja amekaa na meneja wa benki ya ng'ambo. Tanzania ina tafsiri yake ya kitaifa pia, inayowahamisha baadhi ya wenye vibarua vya kubahatisha hadi upande wa wasio na kazi, ndiyo maana nchi ileile mwaka uleule inaweza kukupa viwango viwili vya ukosefu wa ajira, na vyote ni vya kweli. Mwenye hotuba huchagua kinachompendeza. Tahadhari: usimpongeze yule kijana.

Hatua ya tano inahitaji njaa kidogo, hivyo ifanyie kwa mama ntilie. Kaa kwenye benchi. Agiza wali maharage. Wakati unasubiri, sema kwa sauti kwamba mfumuko wa bei umeshuka. Kimya kitakachofuata ndicho somo. Mwaka 2024 mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 3.1, chini ya 3.8 ya 2023, na watu wazima wenye shahada wakasikia “bei zimeshuka”. Hazikushuka. Zilipanda polepole zaidi. Basi likipunguza mwendo kutoka themanini hadi sitini, bado linakwenda Morogoro. Soma tena sentensi hiyo. Najua kesho utaisahau.

Kisha ingiza mkono kwenye kapu. Kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu lina bidhaa na huduma 383, bei zake hukusanywa mikoa yote 26 ya Bara, na ndani yake chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Ni kapu lililopimwa kwa uangalifu. Kapu la mama anayekupakulia lina mchele, maharage, mafuta ya kula, mkaa, nyanya, vitunguu, na nauli ya kurudi Mbagala. Mchele ukiruka, kapu la taifa linatikisika kidogo na lake linapinduka. Hakuna anayemdanganya mwenzake hapo. Kila mmoja amebeba kapu lake, isipokuwa lile la taifa, ambalo halijawahi kubebwa na mtu hata mmoja kwenda nalo nyumbani. Angalia na sahani yako pia. Bei ni ileile ya mwaka jana. Kipande cha nyama kimekuwa kifupi, na bakuli la maharage limebadilishwa kwa jingine linalofanana nalo ukiwa mbali. Mkusanya bei makini atakuja na kupima. Mteja mwenye haraka ataapa kwamba kwa mama bei haijapanda tangu kale. Tahadhari: jedwali lolote umwonyeshe mama baada ya kupewa sahani, kamwe si kabla.

Hatua ya saba. Umegundua kwamba ya sita haipo? Wapo wasomaji watakaosema sikuwa na la kuandika. Wengine watahesabu hatua zangu, wazilinganishe na za mwongozo wa jirani, kisha watangaze kwamba mwongozo wangu una matatizo machache kuliko yake. Hao ndio ninaowatafuta, kwa sababu kazi hiyo tulishaifanya kitaifa. Takwimu za wagonjwa wa korona zilitolewa hapa nchini hadi mwanzoni mwa Mei 2020, zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Zikasimama kwa zaidi ya mwaka. Dunia nzima ilichora mistari inayopanda na kushuka kama pumzi ya mtu anayekimbia, na mstari wetu ukalala kama umepumzika. Mei hiyohiyo Rais alilieleza taifa kwamba sampuli za papai na za mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu, zimerudi na majibu ya kuwa na virusi.

Tuseme ilikuwa hivyo. Hoja ya kipimo kinachokosea ni hoja halali, pengine halali kuliko zote katika mwongozo huu. Mnunuzi mzuri huuliza mizani inakosea kiasi gani na inakosea kuelekea upande gani. Muuza samaki wa Feri akishuku mizani yake huipeleka kupimwa au huazima ya jirani. Akiifunika kwa kanga samaki hawapungui uzito, na harufu haipungui. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, takwimu zikaanza kutolewa tena. Lakini ile 509 ilikuwa imeshasafiri. Niliikuta kwenye jedwali la kulinganisha nchi, imekaa na namba za watu waliokuwa wakihesabu kila jioni, na aliyelituma alikuwa ameandika chini yake kwamba sisi tuna kinga ya asili. Programu iliyochora lile jedwali haina njia ya kutofautisha “hawakuugua” na “hatukuambiwa”. Tahadhari: hatua ya sita ilikuwepo. Ilikuwa nzuri.

Hatua ya nane: tazama mwulizaji alisimama wapi. Hii ifanye mwenyewe. Simama Mtaa wa Msimbazi, nje ya makao ya Simba, uwaulize watu mia timu yenye mashabiki wengi nchini. Kisha tembea hadi Jangwani, kwa Yanga, uwaulize mia wengine. Utarudi na tafiti mbili zenye uhakika mkubwa na matokeo yasiyoweza kukaa chumba kimoja. Dawa ya watu wengi ni kuongeza idadi: ukiuliza elfu kumi pale Msimbazi, wanasema, utapata ukweli. Utapata elfu kumi wa Msimbazi. Mwaka 1936, ule ambao Simba ilianzishwa, jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni takriban milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi waliyatoa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ambayo mwenye njaa hakuwa na chochote kati ya hivyo, na waliojisumbua kurudisha karatasi walikuwa wenye lao moyoni. Leo huhitaji stempu. Mtu mwenye wafuasi wa aina moja anaweka swali kwenye simu, wanampigia kura wenye bando, na jioni taifa limezungumza. Tahadhari: kabla ya kuhama kutoka Msimbazi kwenda Jangwani, badilisha fulana.

Hatua ya tisa: kuna ghorofa. Kila mgeni huonyeshwa ghorofa. Utaambiwa mwenye nalo alikuja mjini na mfuko wa rambo na kandambili zisizofanana, akauza maji, akauza soksi, akapata fremu, akalipa kilemba, leo wapangaji wake wamejaza orofa tisa. Ni kweli, na wa namna yake wapo wengi tu. Kisha utaambiwa siri yake ni kuamka saa kumi usiku. Hapo ndipo unapopigwa. Yule aliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi la kuja mjini aliamka saa kumi hiyohiyo, akauza maji hayohayo, mgambo wakachukua mzigo wake mara tatu, wa nne ukaungua stoo. Sasa yuko kwao analima vitunguu, na hakuna mtu anayepeleka wageni kumwangalia. Julai 2021 moto ulipounguza jengo la Soko Kuu, lile alilolibuni Beda Amuli na kufunguliwa 1975, wapo walioingia usiku ule na mtaji na kutoka asubuhi bila. Wao pia waliamka mapema. Tahadhari: usimtafute yule wa vitunguu. Ukimpata atakuomba mtaji.

Hatua ya kumi, na hii ndiyo itakayokushinda: mjue winga. Kariakoo mteja hafiki dukani peke yake, anafikishwa. Winga hana duka, hana mzigo, ana mdomo na miguu, na anaishi kwa cha juu. Mzigo wa elfu ishirini ukipita kwa winga mmoja ni ishirini na tano. Ukipita kwa wawili, mwenye duka mwenyewe anashangaa. Namba nazo zina mawinga wake. Ripoti inasema: kati ya kaya zilizohojiwa katika wilaya tatu, takriban nusu zilieleza kuwa mwezi uliotangulia zilipata shida ya maji. Mwandishi wa habari anaondoa wilaya. Mtangazaji wa asubuhi anaondoa “zilieleza”. Mheshimiwa anaondoa “mwezi uliotangulia”, anaongeza “zaidi ya”. Mjomba wako anaituma kwenye kundi la familia ikiwa na picha ya mtoto analia. Kila mmoja amechukua cha juu kidogo, hakuna hata mmoja aliyesema uongo mkubwa, na mwenye mzigo akikutana nayo barabarani hatoi salamu kwa sababu haitambui.

Mifano ya ukoo huo ni mingi. Tulikaririshwa shuleni kwamba asilimia 80 ya Watanzania ni wakulima. Tafiti za nguvukazi zilishaishusha hiyo zamani hadi karibu theluthi mbili, lakini themanini ni namba nzuri mdomoni, inaanza hotuba vizuri, nayo imegoma kustaafu. Ukitaka kumkwepa winga, nenda kwa mwenye duka: fungua ripoti yenyewe, upite dibaji ya mkurugenzi, uende kule nyuma kwenye maandishi madogo yanayosema nani aliulizwa, lini, wangapi, nani hakupatikana nyumbani, na neno “kazi” au “kaya” lilimaanisha nini siku hiyo. Watu wa takwimu huandika mapungufu yao wenyewe, kwa unyoofu, mahali ambapo wana hakika hutafika.

Zamani kidogo ungekuwa na kisingizio cha kutouliza. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyopitishwa Septemba 2018 yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopotosha au kupinga zile rasmi, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka 3. Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake, na Juni 2019 sheria ikarekebishwa tena, adhabu hiyo ikaondoka. Tahadhari: ruhusa ya kuuliza ipo tangu mwaka huo, na foleni ya waulizaji bado haijazuia magari.

Kabla hujaondoka, neno kwa yule mjanja aliyekaa mwisho wa benchi, anayetabasamu tangu hatua ya kwanza. Ninamfahamu. Huyu ameshaamua kwamba namba zote ni uongo, na amefurahi kupata ushahidi. Kaka, wewe umepigwa kuliko wote. Anayekataa kila bei sokoni hutoka bila viatu, na akifika nje anavishwa chochote na mwenye sauti kubwa. Sensa haijui Kariakoo ya mchana, lakini inajua waliolala kuliko mimi na wewe na kijiwe kizima. Risiti haijui mauzo, ila inajua wiki ya ukaguzi ilikuwa lini. Ile laki moja ya mzee wa vitenge ni kipimo kizuri kabisa cha anavyomwogopa mtu mwenye fulana. Kila namba ina kitu inachokijua. Kazi ni kuitambua ni kipi, na kutoiuliza kingine.

Sasa umeiva. Rudi Gerezani, panda basi la mwendokasi la Kimara saa kumi na mbili jioni, simama mlangoni. Karibu na Magomeni mtu mwenye tai atasema kwamba asilimia tisini ya maduka ya Kariakoo yanamilikiwa na watu wasiozidi kumi. Hutauliza ni maduka gani, nani aliyahesabu, wala umiliki maana yake nini. Utatikisa kichwa na kusema, “Ndiyo maana.” Ukifika Kimara itakuwa tisini na tano.